Mapango ya Bi Kazija

Juzi nilisahau nguo mbichi ndani ya gari. Nilikuwa nimeziviringisha kwenye kanga, nikaziacha kiti cha nyuma, nikapandisha vioo na kwenda zangu Darajani kununua vitu vya nyumbani. Niliporudi adhuhuri na kufungua mlango, ikanipiga usoni harufu ambayo sikuwa nimeinusa kwa miaka mingi: pamba iliyoloa kisha ikapikwa na jua, chumvi kidogo, na kwa chini yake kitu kama jiwe la chokaa lililolala majini. Nilisimama pale mkono juu ya mlango, muuza ndizi ananitazama, na mimi sipo. Nina miaka kumi, nimekaa ndani ya gari lenye mapazia, nimekunja magoti mpaka kidevuni, namchungulia mke wa baba yangu kwa pembe ya jicho na kujiuliza ataniua siku gani.

Msinicheke. Ngojeni kwanza niwaeleze mambo yalivyokuwa, halafu mseme kama nyinyi msingeingiwa na shaka.

Baba alikuwa akiuza magari yaliyokwishatumika Japani. Aliyachagua kwa picha za kwenye simu, akayasubiri bandarini, akayaosha, akayauza. Safari moja lilimjia gari ambalo kwenye picha lilikuwa basi dogo la kawaida. Lilipofunguliwa, ndani hamna viti. Mna vitanda viwili vya kukunja, jiko la gesi dogo kama la kuchezea watoto, sinki lenye bomba lake, kabati, na mapazia ya maua ya zambarau kila dirisha. Baba alilizunguka mara kadhaa kama mtu aliyeletewa ng'ombe badala ya mbuzi. Bibi, mama yake Baba, alipoelezwa kwamba huko Japani watu hulala humo wakiwa safarini, aliuliza, "Kwani Mjapani hana jamaa?"

Halikupata mnunuzi. Watu walikuja, wakafungua bomba, wakalifunga, wakacheka, wakenda zao. Likabaki limeegeshwa nje ya Mji Mkongwe, paka wakilala chini yake.

Sisi tulikaa Kiponda, kwenye nyumba kongwe ya ghorofa ambayo ngazi zake zilikuwa ndefu na za giza. Mama yangu alifariki kabla sijajua kutembea, nikalelewa na Bibi. Ghorofa ya juu yetu walikaa ami yangu na mkewe, na binti yao Zuwena, aliyenizidi miaka mitatu na kunizidi maneno kwa miaka thelathini. Mwaka ule ndio Baba alipomuoa Bi Kazija.

Bi Kazija alikuwa mshoni Ng'ambo. Baba alikwenda kwake kupunguziwa suruali, akarudi tena kwa suruali nyingine, na nyingine, mpaka Bibi akashangaa vipi mwanawe amekuwa mfupi ghafla. Alikuwa mtu wa Makunduchi, mwanamke mnene, mpole, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alikuwa ameolewa kabla, akaachika, na hakujaaliwa mtoto. Bibi hakumkataa, lakini hakumkaribisha pia. Alimwitikia salamu, akampa nafasi mezani, na kila alipotoka chumbani alisema chini chini, "Watu wa kusini wana mambo yao."

Tatizo langu mimi lilikuwa macho yake. Bi Kazija alinitazama. Nikila ananitazama, nikisoma ananitazama, nikilala mchana na kufumbua macho nilimkuta mlangoni, kanga kajitanda, ananitazama kama mtu anayepima uzito wa kitu kabla hajakinyanyua. Halafu siku moja akaja na futi yake ya kushonea. Akanipima mabega, kifua, mikono, miguu kutoka kiunoni hadi kifundoni. Nilimuuliza ananishonea nini. Akasema, "Utakiona siku yake."

Nilimwambia Zuwena. Zuwena aliacha kula embe.

"Kakupima mwili mzima?"

"Mzima."

"Na nguo yenyewe hukuiona?"

"Sikuiona."

Zuwena alichungulia ngazini kwanza, kisha akashusha sauti ya siri. Akaniambia huko kusini kuna mapango yana maji ndani yake, na kila pango lina mwenyewe, na mwenyewe si mtu. Wanawake wasiopata watoto huenda huko na ubani na mayai na halua, wakaomba, wakaweka ahadi.

"Wanaahidi nini?" nikauliza.

"Inategemea. Wengine mbuzi." Akalitazama embe lake. "Wengine wanapeleka mtoto wa mwenzao, wapewe wa kwao."

Mtoto wa miaka kumi hahitaji zaidi ya hayo.

Skuli zilipofungwa, Baba alitangaza wakati wa chakula kwamba kwa kuwa gari la mapazia halina mnunuzi, yeye, Bi Kazija na mimi tutalipanda tukaizunguke Unguja, kaskazini mpaka kusini, tulale humo humo, tuoge kwenye maji ya huko na huko. Bibi aliacha kumega mkate.

"Unguja hii hii? Ukitoka asubuhi unaizunguka, Alasiri ushafika kwako. Mnalala njiani mna nini?"

"Kutembea tu, Mama," Baba alisema, na akacheka kicheko chake cha pembeni, kile cha kumficha mnunuzi kwamba gari liligongwa nyuma. Nilikijua kicheko kile. Bi Kazija hakunyanyua uso.

Niliomba Zuwena aje. Bi Kazija, ambaye hakuwa na kawaida ya kukataa jambo, akasema haraka, "Safari hii hapana. Rahma peke yake." Zuwena alinikanyaga mguu chini ya meza.

Asubuhi ya kuondoka Bibi alinivuta kando, akanisomea, akanipulizia utosini. "Usiingie pahala pa giza," akaniusia. "Na ukiitwa, usiseme naam mpaka umemwona anayekuita."

Tukatoka. Bububu tulisimama kununua mkate wa boflo na ndizi, na hapo watu wote wa njiani walikuja kulitazama gari. Baba aliwaonyesha bomba. Mimi nilikaa ndani nyuma ya pazia, nikahesabu milango: ule wa dereva, ule wa abiria, na ule mkubwa wa kusukuma, ambao ulikuwa mzito na nisingeweza kuufungua peke yangu.

Tulipofika Mangapwani, Baba aliegesha kivulini, akawasha redio, akasema atatungoja. Bi Kazija akanishika mkono, akaniteremsha ngazi za mawe kwenye pango. Joto la nje lilikatika kama pazia. Kulikuwa na harufu ya popo na udongo mbichi, na kwa ndani maji yametulia, meusi, yasiyo na ukubwa wala mwisho ninaoweza kuuona. Kwenye jabali palikuwa na vitambaa vyekundu na vyeupe vimefungwa, na chetezo cha udongo chenye majivu ya ubani. Zuwena hakunidanganya hata nusu ya neno.

Bi Kazija hakuvitazama vitambaa. Aliokota fimbo, akachutama, akaichovya majini, akaitoa na kutazama mahala ilipolowana. Akasogea, akachovya tena. Mwisho akatikisa kichwa.

"Hapafai," alisema, wala hakuniambia mimi. "Kina kidogo. Hapatoshi."

Nilipanda zile ngazi mbili mbili mpaka kwa Baba. Nilitaka kumwambia. Lakini yeye alikuwa anasikiliza mpira, na aliponiona akauliza, macho yamepita juu ya kichwa changu, "Vipi?" na Bi Kazija nyuma yangu akajibu, "Hapafai," na Baba akasema, "Basi twende mbele." Hapo ndipo nilipojua kwamba na Baba yumo.

Matemwe tulifika maji yamekupwa. Bahari ilikuwa imerudi mbali, imeacha nyuma yake madimbwi ya rangi ya kijani kibichi na kibuluu, na kati ya vigingi vya mwani wanawake wameinama, mikono inakwenda. Yalikuwa madimbwi mazuri. Watoto wa kiume walirukaruka humo, na watalii walilala humo kama viboko. Bi Kazija aliyatazama kwa muda, akaguna, "Hapa pana macho mengi."

Jioni alikuja Sheha, mkubwa wa kijiji. Kuna mtu alikuwa amekwenda kumwambia kwamba kuna gari limefungwa mapazia na ndani mna mwanamume, mwanamke na mtoto asiyecheka. Alikuwa mzee wa heshima, mwenye kofia safi.

"Kwenu wapi?"

"Mjini, Sheha. Kiponda."

"Mna nyumba?"

"Tunayo."

"Ina sakafu, ina paa?"

"Vyote, alhamdulillahi."

"Sasa mnalala garini kwa nini?"

Baba alieleza. Sheha aliingia ndani, akafungua bomba, akanawa mikono, akakaa kitandani, akajaribu ugumu wake. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe mwanangu, hawa ni wazee wako?"

Nafasi yangu ile, wenzangu. Mlango uko wazi, mtu mwenye amri yuko mbele yangu. Lakini Baba alikuwa baba yangu kweli, na nilikuwa nimefundishwa kutomdanganya mtu mzima. "Huyu baba yangu," nilisema. "Yule mkewe." Sheha aliitikia kwa kichwa, akatuombea safari njema, na usiku ule tukaletewa sahani ya pweza wa nazi kutoka kwake. Wao walikula. Mimi nilisema nimeshiba.

Asubuhi Bi Kazija alifuata wanawake wa mwani, na mimi nikamfuata yeye kwa mbali, nikijifanya natafuta makombe. Alisimama na mmoja wao aliyekuwa akitandaza mwani kwenye jamvi. Upepo ukaniletea maneno, moja moja.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Mwembamba. Kashawahi kutiwa majini?"

"Hata siku moja. Bibi yake hataki kusikia. Ndio maana tumekuja kimya kimya."

"Mimi kazi hiyo siiwezi, dada. Mwende kusini kwa Bi Mize. Yeye kesha wafanya wengi."

Kesha wafanya wengi! Nilirudi garini mbio. Baba alikuwa anaosha kioo. Nikachukua simu yake kwenye kiti, nikampigia Bibi.

"Bibi, wananipeleka kwa Bi Mize!"

"Kwa nani?"

"Bi Mize! Kusini! Kesha wafanya wengi!"

"Wamefanya mengi? Kina nani? Ongea polepole, mwanangu. Umekula?"

Nikasikia mlango unasukumwa. Nikakata.

Njia nzima ya kusini nilikaa nimeshika ukingo wa sinki. Bi Kazija alijaribu kunizungumzisha. Alinimenyea chungwa, akaliweka karibu yangu, likakauka. Alinionyesha miti, akaniambia majina yake kwa kikwao. Kila alipogeuka mbele nilimwona Baba akimtazama, na yeye akitikisa kichwa kidogo, kama watu wenye jambo ambalo wakati wake haujafika.

Bi Mize alikaa nje kidogo ya kijiji, kabla ya Makunduchi, kwenye nchi ya mawe na vichaka ambapo udongo ni haba na kila mti umejishika kwa jiwe. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mweusi wa kung'aa, mwenye mabega ya mchukuzi. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akanibinya bega, akanibinya paja, akanipa kisogo na kuanza kusema na Bi Kazija kwa lugha yao ya kule, ambayo mtu wa mjini akiisikia hupata neno moja katika kumi. Mimi nilipata mawili. Nilipata "asubuhi" na nikapata "zama".

Kulipopambazuka Bi Kazija alinitolea ile nguo. Ilikuwa suruali ndefu na kanzu fupi ya mikono mirefu, vyote vya kitambaa cheusi kinachovutika, vimeshonwa kwa mshono wa mara mbili. Haikuwa nyeupe, na hilo lilinipa nafuu kidogo, lakini ilinikaa sawasawa kila pahala, na hilo likaniondolea.

"Baba, na wewe unakuja?" nilimuuliza. Alikuwa amesimama kando ya gari.

"Huko ni kwa wanawake, mwanangu. Mimi nitangoja barabarani, nisipitishe mtu." Hakunitazama usoni. Alikuwa anaparura rangi ya mlango kwa ukucha.

Tukafuata njia ya miguu vichakani, Bi Mize mbele, mimi kati, Bi Kazija nyuma. Ghafla ardhi ikafunguka. Lilikuwa shimo pana, mizizi ya miti imeteremka kando yake kama kamba, na chini maji. Sijaona tena maji kama yale. Yalikuwa ya buluu kwa ndani, safi hata mawe ya chini yalionekana kama unaweza kuyashika, na yale mawe yalikuwa mbali sana. Hapakuwa na sauti isipokuwa tone moja likianguka mahala.

Bi Mize alijifunga kanga, akaingia majini bila kurusha hata tone, akaelea kama ubao. "Haya, mlete," alisema.

Mkono wa Bi Kazija ukakaa mgongoni kwangu. Ulikuwa unatetemeka. Ndicho kilichonimaliza. Nilikuwa nimemwona akishona, akikata kitambaa cha harusi cha watu bila kupepesa, na sijawahi kuuona mkono ule ukitetemeka. Nikajua huyu ni mtu anayekaribia kufanya jambo ambalo hata mwenyewe analiogopa.

Nikakimbia. Nyuma yeye amenizibia njia, kwa hiyo nilikimbia pembeni, juu ya ukingo wa jabali, ukingo ukawa na ukungu wa kijani, na miguu yangu ikaondoka.

Sikusikia nilivyoanguka. Nilisikia baridi tu, imenishika mwili mzima kwa mara moja, na kimya, na buluu juu na chini. Nilifungua mdomo kumwita Bibi, maji yakaingia. Kisha pale juu pakavunjika kitu kikubwa kama kabati limetupwa, na mikono ikanikamata. Mikono mikubwa. Ikanizunguka kifua na kunibana. Na tukawa tunakwenda chini. Alikuwa mzito, ananishika kwa nguvu zake zote, na anashuka, na mimi nashuka naye. Basi ni kweli, nilijiambia. Zuwena alisema kweli. Nikamuuma mkono. Hakuachia.

Halafu kitu kikanivuta kwa nguo yangu nyuma ya shingo, kikatuvuta wote wawili, na nikaona jua.

Bi Mize alitutupa kwenye jabali kama magunia. Nilitapika maji. Bi Kazija alikuwa kando yangu kwa mikono na magoti, ushungi umepotea, nywele zake, ambazo sikuwa nimewahi kuziona, zimemganda usoni na nyingine nyeupe, anakohoa mpaka mbavu zinagongana. Bi Mize akasimama juu yake, akamfokea kwa Kiswahili cha mjini, nadhani kwa hasira alisahau kikwao.

"Kazija! Huna hata kuelea, umeruka nini?"

"Niliona kaenda," alisema Bi Kazija.

"Na mimi nimo majini! Nimo hapa hapa, mkono mmoja tu namfikia! Kazi kidogo ingekuwa kumtoa mtoto, sasa nakutoeni wawili!"

"Sikukuona," alisema. Alikohoa tena. "Sikukuona wewe, Mize. Nilimwona yeye tu."

Nilikaa na maneno yale bila kujua pa kuyaweka. Meno yakinigongana, nikamuuliza Bi Mize, kwa sababu yeye nilimwogopa kidogo kuliko mwenzake, "Kwa nini mnataka kunizamisha?"

"Kukuzamisha?" Akanikodolea macho. "Umeletwa ujifunze kuogelea, mtoto wewe! Ulidhani nini?"

Nikasema. Nilisema yote, kwa kilio: futi, fimbo ya Mangapwani, macho mengi, Matemwe, mbuzi, mtoto wa mwenzao. Bi Mize alianza kucheka katikati, akacheka mpaka akakaa chini, akapiga jabali kwa kiganja. Bi Kazija hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono umefunika mdomo, damu kidogo ikimtoka pale nilipomuuma.

"Na siku zote hizi," aliniuliza taratibu, "ulilala kitanda kimoja na mimi ukifikiri hivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akaanza kulia. Nilijua kulia kwa Bibi, ambako kulikuwa na sauti na maneno. Kule kwa Bi Kazija hakukuwa na chochote, maji tu yanateremka, na kwa kuwa uso wake ulikuwa umeloa tayari ningeweza nisijue. Kisha akajifuta, akanivua ile kanzu, akaikamua, akanivisha tena. "Leo basi," alisema. "Kesho ukitaka, utaingia. Usipotaka tutarudi mjini."

Sikukubali mara moja. Msidhani shaka huondoka kama homa. Siku ile nzima nilimtazama yeye kama alivyokuwa akinitazama mimi. Nilimwona akimweleza Baba, na Baba akakaa kwenye ngazi ya gari na kushika kichwa, akaniita, akanipakata, mtu mkubwa mimi wa miaka kumi. Nilimwona akiweka chungwa jingine karibu yangu na kuondoka, asije akanilazimisha. Hilo nililila.

Kesho yake niliingia, kwa sharti kwamba na yeye aingie. Bi Mize akasema itakuwa vyema, maana hajawahi kupata wanafunzi wawili waliokwisha kufa pamoja. Akatufundisha kuelea. "Legeza shingo. Maji hayakutaki, yanataka kukurudisha juu, wewe ndiye unayeng'ang'ania chini." Mimi nilielea siku ile ile. Kufika mwisho wa juma nilivuka pango kutoka jabali moja hadi la pili, mashavu yamejaa pumzi, na niliposhika jiwe nikageuka kumtazama aone. Alikuwa amesimama kwenye maji ya kiuno, ameshika mzizi kwa mikono miwili, anatabasamu kwa mdomo uliokaza. Kuelea kwenyewe alikupata kwa taabu, na kupita hapo hakupita. Nguo zetu tulizianika ndani ya gari, kwenye kamba kutoka kabatini hadi usukani, vioo vimefungwa, mapazia yamevutwa, kwa sababu aliona haya watu wa njiani wazione.

Kwa Bibi alikwenda mwenyewe kumweleza. Sikujua walisema nini huko chumbani. Bibi alitoka amenuna, akakaa siku mbili hasemi na mtu, ya tatu akaniuliza, "Kwani maji ya huko ni ya baridi?" Zuwena alinitaka nimfundishe. Gari lilinunuliwa na mgeni mmoja wa Nungwi, mapazia na yote.

Nilikuwa mtu mzima, nina kazi yangu, nilipojua mengine. Tulikuwa jikoni tunachambua mchele, Bi Kazija na mimi, na bila kuulizwa akanihadithia juu ya dada yake. Alikuwa mkubwa wake, msichana wa kuolewa, amekwenda kuchokoa pweza na wenzake maji yakiwa yamekupwa. Maji yakarudi, na kati yake na pwani pakajaa mfereji, kitu ambacho mvulana yeyote wa kijiji angekivuka huku anaimba. Wanaume walikuwa mskitini, ilikuwa Ijumaa. Wanawake wote walisimama pwani, na mama yao kati yao, na Bi Kazija mdogo ameshika kanga ya mama.

"Wote tulizaliwa pale," aliniambia. "Maisha yetu yote pwani, na hakuna aliyefundishwa kupita maji ya kiuno. Tulikuwa na jina lake tu, tukalipigia kelele."

Akachagua kijiwe kwenye mchele, akakitupa. Akasema alipoingia nyumba ya Kiponda akamkuta mtoto wa kike aliyezungukwa na bahari pande zote, na hajawahi kulowa magoti, aliogopa. Kila akinitazama aliogopa. Angeomba ruhusa, Bibi angekataa, na mtu aliyekataliwa akifanya tena huwa ameanza ugomvi. Kwa hiyo hakuomba. Pahala paliposetirika, penye kina cha kutosha, na mwanamke wa kuaminika. Ndivyo alivyotafuta kisiwa kizima.

"Na ulipokuwa kule chini na mimi," nikamuuliza, "ulifikiri nini?"

Aliutikisa ungo, akautazama mchele kama swali lile lingekuwa humo.

"Nifikiri nini tena?" alisema. "Nilikuwa nshakushika."

Nimeyarudia mambo yale mara nyingi, na bado najitetea kidogo. Ishara sikuzikosea. Alikuwa akinipima kweli, alikuwa akitafuta maji marefu kweli, alikuwa akikwepa macho ya watu, na mkono wake ulitetemeka. Mtoto niliona kila kitu. Nilichokosa ni umri wa kujua kwamba yapo mapenzi yanayoanza hivyo, kabla ya kuzoeana, kabla hata ya kuitikiwa salamu kwa uso mkunjufu. Nilikuwa bado namwitikia shingo upande siku ile aliporuka kwenye maji asiyoyajua.